Mbolea ya ruzuku ninayo, vibarua sina: nipunguze mbolea au nipunguze shamba?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Mbozi, mkoa wa Songwe, nalifupisha hapa kidogo: "Nalima mahindi ekari 4. Misimu mitatu sasa nachukua mbolea ya ruzuku, DAP ya kupandia mifuko 4 na urea ya kukuzia mifuko 4, nilijua nitatoka kimaisha. Msimu uliopita nimevuna gunia 38 tu, kabla ya ruzuku nilikuwa napata 34, 35. Shida yangu ni palizi, vibarua wanataka 50,000 kwa ekari na hata hela ukiwa nayo hawapatikani, vijana wote wako machimboni au kwenye bodaboda. Nyumbani tuko watatu wenye nguvu. Je nipunguze mbolea ili hela iende kwa vibarua? Na kwa nini serikali isitupe ruzuku ya vibarua badala ya mbolea? Na urea iliyobaki naweza kuitumia mwaka huu?"

Dada yangu asante kwa swali, na asante zaidi kwa kuandika na hesabu zako, maana watu wengi huniuliza tu "mbona sivuni" bila kusema ekari ngapi wala mifuko mingapi. Nakujibu kwa urefu kwa sababu swali lako ndo swali la nyanda za juu kusini nzima, kuanzia Mbozi mpaka Namtumbo, na sioni likijibiwa vizuri majukwaani, pale inasemwa mbolea, mbolea, mbolea, mikono ya kuifanyia kazi haisemwi.

Jibu fupi: mbolea usipunguze, punguza ekari. Sasa ngoja nikueleze kwa nini, alafu nitarudi kwa serikali maana nako kuna la kusema.

Chukua jembe, nenda shambani kwako wiki ya tatu baada ya mahindi kuota, chagua sehemu hujapalilia, chimba shina moja la muhindi na nyasi zinazolizunguka, uvitoe pamoja na udongo. Utaona mizizi ya nyasi imeshikana na ya muhindi kiasi kwamba huwezi kuitenganisha bila kukata. Ile urea unayomwaga pale haina macho, haijui huyu ni muhindi na hili ni gugu, anayewahi ndiye anayekula, na gugu lina kasi kuliko muhindi mchanga. Kwahiyo mkulima anayeweka mbolea kwenye shamba chafu anayanenepesha magugu kwa hela yake, na mwezi unaofuata palizi inakuwa ngumu mara mbili kwa sababu nyasi zimeshiba. Nimekuwa bwana shamba miaka 20 na ushee na hili nimeliona mpaka linaniuma. Kuna kijiji nilikuwa nakitembelea, ndugu wawili mashamba yao yamepakana, mbegu moja, mbolea moja wamenunua siku moja kwa wakala mmoja, kaka alipalilia siku ya 18 na mdogo wake akachelewa mpaka siku ya 40 kwa sababu alikuwa anamuuguza mkewe. Ukisimama mpakani ulikuwa unaona mstari kabisa, huku kijani nzito huku njano. Mdogo mtu akaja kuniuliza kama ameuziwa mbolea feki. Haikuwa feki hata kidogo.

Muhindi wiki 6 za mwanzo ndo unaamua maisha yake, palizi ya kwanza iishe ndani ya wiki 3, ya pili kabla ya wiki ya 6, baada ya hapo majani yanafunika ardhi yenyewe yanamaliza kazi. Palizi ya wiki ya 8 ni ya kupendezesha shamba tu, hela imekwenda na gunia halirudi.

Sasa tuchukue hesabu yako. Mtu mmoja na jembe la mkono, kwa nilivyoona mimi, ekari moja ya palizi ya kwanza humchukua siku 8 mpaka 10 kama nyasi si nyingi. Ekari 4 ni siku 32 kwa uchache. Nyumbani mko watatu, yani siku 11 mfululizo bila mvua kuwazuia, bila mtoto kuumwa, bila msiba kijijini, na Januari kwenu mvua inanyesha kama imetumwa, ukipata siku 4 nzuri kwenye wiki shukuru. Maana yake ekari za kwanza zinapaliliwa kwa wakati, za katikati zinachelewa, na ile ya mwisho mnaifikia nyasi ziko kiunoni, huku mbolea umeiweka kote sawasawa. Gunia 38 gawanya kwa 4 unapata 9 na nusu kwa ekari, na mbegu chotara na DAP na urea huko kwenu zinaweza kutoa 18 mpaka 25 kwa ekari ikitunzwa. Kwahiyo naamini kabisa ukipima ekari moja moja utakuta kuna moja inakupa 15 na nyingine inakupa 5.

Fanya hivi. Lima mahindi ekari 2 na nusu tu. Mifuko 8 ile ile, ila ipange upya: DAP 3, urea 5. Hela ya mbolea haijabadilika, kwa ile bei ya 70,000 kwa mfuko ni 560,000 (bei ya msimu huu uliza kwa wakala wako, huwa inasogea). Urea unaigawa mara mbili, mfuko mmoja kwa ekari mahindi yakifika magotini, mwingine kabla hayajatoa mbelewele, na zote mbili ziwekwe shamba likiwa limeshapaliliwa, udongo una unyevu, na uifukie, urea iliyoachwa juu kwenye jua inapotea hewani. Palizi mbili kwa ekari 4 kwa 50,000 ilikuwa 400,000, kwa ekari 2 na nusu ni 250,000. Hapo 150,000 imebaki mfukoni na wale watatu wa nyumbani peke yao wanaweza kumaliza zaidi ya nusu ya kazi. Ukipata gunia 18 tu kwa ekari, sijasema 25, unavuna 45. Eneo dogo, gunia zaidi, na usingizi unalala.

Ile ekari moja na nusu usiiache iote nyasi, weka maharage ya mwezi wa pili mwishoni kuelekea wa tatu, wakati huo palizi ya mahindi imeshaisha, mikono ipo, na maharage yanaurudishia udongo nguvu kiasi. Msimu unaofuata unageuza.

Kwenye kupandia nako kuna kazi watu wanairuka. Ukipanda sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kwa shimo, ekari inabeba mashimo kama 8,900, mfuko mmoja wa kilo 50 ukigawanya hapo unapata gramu 5 na kitu kwa shimo, yani kizibo kimoja cha soda. Wengi wanarushia kiganjani, wa mwanzo wa mstari anapata vizibo 3, wa mwisho mfuko umeisha. Mtu mmoja achimbe, wa pili aweke kizibo na kufukia kidogo, wa tatu aweke mbegu na kufunika. Ni kazi ya mikono zaidi kuliko kupanda bila mbolea, na hapo ndo unaona kwamba kila mfuko wa mbolea unaoingia kijijini unaleta kazi yake pamoja nao, kuipanda, kuipalilia, kuivuna, kupukuchua. Hakuna mfuko unaokuja na mikono.

Na hapa ndo naingia kwenye swali lako la serikali.

Tukumbuke tulikotoka. Ruzuku ya mbolea nchi hii si ya leo, ilikuwepo miaka ya 70 na 80, Tanga tulikuwa na kiwanda cha mbolea tangu 1972, kikafa mwanzoni mwa miaka ya 90 na ruzuku ikaondolewa kipindi hicho hicho, wazee wa Mbozi, Iringa, Songea na Sumbawanga wanakumbuka jinsi mashamba yalivyorudi kuwa ya njano. Ikaja vocha kuanzia 2008, mkulima wa ekari moja anapewa vocha ya mbolea ya kupandia, ya kukuzia na ya mbegu, serikali inalipa kama nusu, yeye anaongezea. Wazo lilikuwa zuri, utekelezaji ukaingia wadudu, kuna wakulima walisaini vocha wakapewa hela ya chumvi, mbolea hawakuiona, vocha zikaenda na wajanja. Ikafa kwenye 2014.

Alafu ikaja 2021 na 2022, bei ya dunia ikapanda, gesi ikapanda (urea inatengenezwa kwa gesi asilia ndo maana), Februari 2022 vita ya Urusi na Ukraine ikaanza, mfuko wa DAP ukafika zaidi ya 130,000 na urea 120,000 na kitu. Agosti 8, 2022, Nane Nane pale Mbeya, Rais Samia akazindua ruzuku, DAP na urea zikashuka hadi 70,000, mbolea nyingine za kukuzia nazo, CAN 60,000, SA 50,000, ikawekwa bilioni 150 kwa kuanzia. Bajeti nzima ya kilimo ilikuwa bilioni 294 mwaka 2021/22 ikapelekwa 954 mwaka uliofuata. Matumizi ya mbolea nchini yakatoka tani 360,000 na kitu hadi zaidi ya 800,000 ndani ya misimu miwili. Hayo ni makubwa, na mimi niliyekuwa nikiona watu wakipanda mahindi bila kitu chochote, nasema wazi ile ilikuwa hatua ya kiume. Mfumo wenyewe pia ni bora kuliko vocha, unasajiliwa kijijini kwa mtendaji, ekari zako zinaandikwa, unapewa namba yako, na mfuko una alama ya kuskani, kwahiyo inajulikana mfuko upi umeenda kwa nani. Udanganyifu haukuisha, watu wameandikisha ekari hewa, mbolea imevushwa mipaka, mawakala kadhaa wakafungiwa, lakini sasa angalau wanakamatika.

Ila angalia daftari lile la usajili linauliza nini. Linauliza ekari. Haliulizi hizo ekari zina mikono mingapi. Mwenye ekari 4 na watu 3 na mwenye ekari 4 na watu 9 na maksai wawili wanapata mgao mmoja. Na kila mtu akiona mgao unafuata ekari, anaongeza ekari. Hapo ndo tunapokosea, sera inamsukuma mkulima apanue shamba wakati kinachomkwamisha ni palizi.

Lipo jingine linaniumiza zaidi, na naomba ulifikirie bila kujilaumu. Huyo kibarua anayekupalilia kwa 50,000 ni nani? Mara nyingi ni mkulima mwenzako wa kitongoji cha pili mwenye ekari moja, chakula kimeisha Desemba, Januari anakuja kwako kwa sababu watoto lazima wale leo. Siku anazopalilia kwako, shamba lake linaota nyasi. Anarudi kwake wiki ya 6, amechelewa, anavuna gunia 4, mwakani Desemba chakula kimeisha tena. Kule Malawi wanaita kazi hiyo ganyu na wataalamu wao wameshalia nayo miaka mingi. Mtu huyu mfuko wa 70,000 bado ni mlima kwake. Kima cha chini cha mshahara wa kilimo kilichoanza Januari 2023 kilikuwa 140,000 kwa mwezi, yani mfuko mmoja ulikuwa nusu mwezi wa mfanyakazi anayelipwa kisheria, na vibarua wa vijijini hakuna anayewakagua. Kwahiyo ruzuku hii inakufikia wewe mwenye uwezo wa kutoa 560,000, yeye inamfikia kupitia jembe lako tu. Namba ya mkulima anayo, hela ya kuitumia hana.

Je basi serikali ilipe vibarua? Hapana, mimi sikubaliani. Mfuko wa mbolea una alama unaweza kuufuatilia, palizi utaifuatiliaje? Ndani ya msimu mmoja tutakuwa na vibarua hewa kuliko vocha hewa za zamani. Ninachokitaka, na nimekisema kwenye vikao mpaka watu wamenichoka, ni vitu vitatu. Kwanza mbolea ifike kijijini Septemba na Oktoba, sio makao makuu ya wilaya, kijijini, kwenye AMCOS, yani chama cha ushirika cha wakulima, au duka la karibu. Mkulima akienda mara tatu mjini kufuata mfuko Januari amepoteza siku tatu za palizi, na siku tatu za Januari ni theluthi ya ekari hivi. Msimu wa kwanza wa ruzuku watu walilala kwenye foleni za mbolea huku mashamba yanawasubiri, na hakuna aliyezihesabu siku hizo kama gharama. Pili, mgao uwe na hiari, mwenye ekari 4 achukue mifuko 6 na thamani ya miwili aruhusiwe kupata jembe la kupalilia la kukokotwa na maksai au dawa ya magugu yenye ubora, wameshaongeza mbegu za mahindi kwenye ruzuku tangu 2024/25 kwahiyo mlango upo wazi, waupanue. Tatu, kwa huyu wa ekari moja, mfuko mmoja wa mkopo anaolipa kwa mahindi baada ya kuvuna, ili Januari abaki kwake. Na vibarua wakipungua kwa sababu wana mashamba yanayolipa, bei ya palizi itapanda zaidi, najua, na itatulazimisha wote kutumia zana. Sawa tu.

Turudi kwako, mikono utaipata wapi msimu huu. Mbozi mna ng'ombe wa kulimia kuliko sehemu nyingi, lakini plau inatumika kulima tu, ikifika palizi watu wanarudi kwenye jembe la mkono. Palizi ya maksai inawezekana ukipanda kwa mistari iliyonyooka, kamba ivutwe kweli kweli, 75 kati ya mstari na mstari, ng'ombe wafungwe midomo wasile mahindi. Maksai wanamaliza katikati ya mistari kwa siku ekari moja na zaidi, wewe na watoto mnafuata kwenye mashina tu. Tafuta mwenye jembe hilo mapema, au mkae watu watano mnunue moja.

Dawa ya magugu siikatai, ila soma vizuri. Ile ya kuua kila kitu ni ya kupiga kabla ya kupanda, ukiipiga mahindi yakiwa yameota umeyaua. Zipo za mahindi zinazochagua, na zina umri wake wa kupiga, na kama umechanganya maharage humo ndani usithubutu. Vaa gambuti, nguo ya mikono mirefu, usipige upepo ukivuma, na chupa tupu zisigeuzwe za kuwekea mafuta ya kula, hilo nimelikuta jikoni kwa macho yangu.

Vibarua wachache utakaowahitaji ongea nao Novemba, usisubiri nyasi. Toa kianzio kidogo, pima kwa ngwe zinazoeleweka badala ya "ekari" ya kukadiria, maana ugomvi mwingi unatokea pale, walipe siku hiyo hiyo wakimaliza, na uji wa saa nne usikose. Bosi anayelipa jioni hakosi watu hata mwaka mgumu. Na kama mna wamama wenzio wanne watano wenye ekari chache, rudisheni kufanya kazi kwa zamu, leo kwako kesho kwangu. Wamatengo wa Mbinga wana ngokela mpaka leo wanajua maana yake, kwenu nako haikosekani jina lake, muulize bibi.

Mbolea nunua mapema ukiuza mahindi ya mwisho, kabla Desemba haijakumeza na ada za shule. Angalia mfuko umeshonwa vizuri, haujafunguliwa, wakala askani mbele yako na namba yako, na risiti ushike. Wenzetu Kenya mwaka 2024 walikuta mbolea bandia ndani ya mifuko ya ruzuku iliyopitia maghala ya serikali yenyewe, kwahiyo usiogope kuuliza maswali kaunta. Na ekari andikisha zile zile ulizonazo.

Kuhusu urea iliyobaki: itumie, haijaharibika kama iko kavu. Ikishikana kuwa mabonge ipondeponde tu nguvu yake ipo, kama imelowa na kuchuruzika hiyo imeshakwenda. Mfuko ufunge mdomo kwa kamba, uweke juu ya mbao au matofali usiguse sakafu wala ukuta, mbali na mbegu, mbali na mbuzi, na uanze nao huo kwenye awamu ya kwanza ya magotini kabla hujafungua mipya.